Ile Koma ya Juu

"Baba, hiyo koma ya juu mfumo unaikataa."

Binti wa dirishani alisema hivyo bila kubandua macho kwenye kompyuta. Mzee aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisukuma kofia yake nyuma kidogo, akainama mpaka paji la uso likakaribia kioo.

"Unaikataa vipi?"

"Nikiiandika inaleta nyekundu. Niitoe tu?"

"Ukiitoa hilo si jina langu tena."

"Ndiyo, baba. Lakini mfumo ndivyo ulivyo."

Ofisi sitaitaja, na jina la mzee pia silitaji. Itoshe kusema ni jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w, na kwamba kwenye fomu alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa, na ritifaa, ndiyo hiyo koma ya juu, akaikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Aligeuka akatutazama sisi tuliochoka kusimama. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelizungumza jambo hili kwenye madirisha mengi:

"Haya, andika. Wote huwa wanaitoaga."

Binti akaandika. Mashine ikakubali. Mimi nilipofika dirishani shughuli yangu iliisha upesi, kwa kuwa jina langu ni herufi tupu, halina cha kukataliwa.

Hilo ndilo lililokaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Kila mtu na alama yake

Kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu unaweza kumjua mwandishi hata ukiziba jina lake. Dada yangu mkubwa hamalizi sentensi bila dukuduku. "Mama ameamka......" Wewe uliye mbali unashika kifua hadi ujumbe wa pili uingie: "amekunywa uji......" Shemeji ni mtu wa alama ya kuuliza iliyosimama peke yake. Anakutumia "?" saa nne usiku, na ni juu yako kukumbuka ulimwahidi nini. Shangazi haandiki ila kwa herufi kubwa, HABARI ZA ASUBUHI WANANGU, na mishangao inayojaza mstari. Vijana wameitupa nukta kabisa. Akikujibu "sawa" mko vizuri, akikujibu "Sawa." ujue kuna kesi.

Mimi nina ritifaa.

Si mapenzi ya kujivunia. Anayependa mkato husifiwa kwa pumzi, na anayejua kuitumia nukta mkato huonekana amesoma. Ritifaa wengi hawajui hata inaitwaje. Ni "koma ya juu", ni "kale kakoma", ni "kile kidude cha ng'ombe". Lakini katika kazi yangu ya kuhariri miswada ya watu hakuna alama ninayoirudisha mahali pake mara nyingi kuliko hiyo, na kuirudisha hakujawahi kunichosha. Nikiona "ngaa" mkono unakwenda wenyewe.

Baada ya siku ile ya foleni nikaanza kujiuliza ninaipendea nini hasa.

La kutofanya

Alama nyingine zinakuambia la kufanya. Tua. Vuta pumzi. Pandisha sauti. Ritifaa ndiyo pekee ninayoijua inayokuambia la kutofanya.

Tamka "ngoma". Unaisikia g ikigonga nyuma ya ulimi. Sasa tamka "ng'ombe". Sauti inapita puani, laini, na g huisikii popote ingawa imeandikwa na macho yako yameiona. Ipo kwa macho tu. Ritifaa imesimama ubavuni pake kuizuia isiseme.

Shule ya msingi mwalimu wetu alitufundisha jambo hili kwa pua. Tuliimba ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u darasa zima, kisha akatuambia tuendelee huku tumebana pua kwa vidole. Sauti ikakwama. Darasa likacheka mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Sikumbuki somo lingine lolote la mwaka ule, lakini hilo ninalo mpaka leo, na nikiwa peke yangu mbele ya neno nisilolijua huwa bado nabana pua.

Washairi nao wanaipa kazi ya aina hiyo hiyo, ila kwa kinyume. Unatafuta kipande cha mizani nane. Umeandika "Mgeni wangu amefika", unahesabu vidoleni: m-ge-ni-wa-ngu-a-me-fi-ka. Tisa. Huwezi kumfukuza mgeni, wala kufika hakuachiki. Basi unaiondoa a: "Mgeni wangu 'mefika". Nane, na wimbo unakwenda. Ritifaa inabaki pale a ilipokuwa, ili msomaji asidhani mchapaji alisinzia.

Katika ng' herufi imebaki na sauti imeondolewa. Katika 'mefika vyote viwili vimeondoka, alama ndiyo iliyobaki. Pande zote mbili msomaji anaambiwa: hapa kuna kitu, usikitamke. Sijui alama nyingine yenye adabu ya namna hiyo.

Basi hapo nikawa nimeridhika. Kisha nikaenda kununua nyama.

Kibao cha bucha

Bucha la mtaani kwetu limeandikwa NYAMA YA NGOMBE NA MBUZI, rangi nyekundu juu ya ukuta mweupe. Nimepita hapo miaka na miaka, na kila mara jicho langu la mhariri linatia ritifaa angani. Siku hiyo nilisimama nikatazama wateja badala ya kibao. Hakuna hata mmoja aliyesita. Hakuna aliyesema "nipe nusu ya ngombe" kwa g ya kugonga. Daladala nazo zinaandika CHANGOMBE, na kila abiria anashukia Chang'ombe. Nairobi kuna vibao vya Langata na vya Lang'ata, na watu wanafika nyumbani kwao kwa vyote viwili.

Nilijaribu kujitetea kwa jozi za maneno, kama tunavyofanya wahariri tukibanwa. Ngoa ni wivu, ng'oa ni kung'oa. Ngara ni wilaya kule Kagera, ng'ara ndivyo kinavyofanya kiatu kilichopigwa kiwi. Mbungo ndio unaotupa mabungo ya juisi, mbung'o ni yule mdudu anayeeneza malale. Jozi nzuri. Lakini ukweli ni kwamba anayehitaji mbung'o ili ashinde ubishi amekwisha shindwa. Taja mazungumzo ya kawaida ambamo mtu ataomba juisi aletewe mdudu.

Na hapo ndipo shaka ilipoingia. Kama mzaliwa wa lugha hii haihitaji ritifaa ili aseme ng'ombe, basi alama hii ni ya nani? Isije ikawa ninachokipenda ni kule kujua tu: kwamba mimi naiweka na muuza nyama haiweki, na kati yangu na yeye kuna madarasa. Wapenda alama tuna ugonjwa huo. Waingereza wameugua wazi: halmashauri ya jiji la Birmingham ilipotangaza mwaka 2009 kwamba inaziacha ritifaa kwenye vibao vya mitaa, zogo lake lilifika magazetini. Nao zogo lao ni la nani anamiliki nini. Kutamka wanatamka vilevile.

Niliacha kusahihisha vibao kichwani. Nilipita mbele ya bucha nikiangalia simu.

Jina halina nchi ya kulitunza

Kilichonigeuza ni mzee yule yule wa dirishani, au tuseme maneno aliyoniambia siku ile tulipokaa benchi moja kusubiri karatasi zetu, na ambayo sikuyapa uzito wakati huo. Nilikuwa nimemwamkia, na baada ya marahaba akaanza kunieleza bila kuulizwa. Cheti kimoja kina jina lake na ritifaa. Kingine hakina. Kwenye kadi nyingine aliyeandika aliweka nafasi mahali pa ritifaa, jina likakatika vipande viwili, kipande cha kwanza kikiwa NG peke yake, kana kwamba ndilo jina la kwanza la mtu.

"Sasa nikidai kitu wananiambia hawa ni watu watatu," alisema. "Ikabidi nikaape. Nimemlipa wakili nimwapie kwamba mimi ndiye mimi."

Aliitoa bahasha akanionyesha kiapo, na mhuri wake. Wengi wetu tunazijua karatasi hizo. Huwa ni za mtu ambaye baba yake aliandikwa Saidi huku na Said kule. Sikuwahi kufikiri kwamba alama isiyo na ukubwa wa punje ya ufuta inaweza kumpeleka mtu kwa wakili.

Siku nilipoyakumbuka maneno hayo ndipo nilipoiona tofauti ambayo bucha lilinificha. Neno "ng'ombe" lina watu mamilioni wa kulitunza. Liandike unavyotaka, kesho asubuhi litatamkwa sawasawa kuanzia Tanga hadi Tunduma. Jina la ukoo lina ukoo wake tu. Likitoka mlangoni kwao likaenda kwa mwalimu mgeni, kwa muuguzi anayeita majina kwenye korido, kwa mtangazaji wa redio anayesoma orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, halina mtu wa kulisemea isipokuwa ile alama. Wasukuma wanapoandika ng'wana, pale ambapo Kiswahili kinasema mwana, hakuna g ndani yake. Ukiondoa ritifaa umemtilia mtu herufi kwenye jina la babu yake.

Majina ya mahali yako hivyo hivyo. Aliyezaliwa Kilombero haisomi Mang'ula, anaijua. Mgeni anayekwenda kwenye hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ambayo makao yake makuu yapo hapo, anaisoma kwa mara ya kwanza kwenye tiketi, na tiketi ikisema Mangula atasema Mangula.

Tazama hata Lupita Nyong'o. Mwaka 2014 alipochukua Oscar, jina lake lilizunguka dunia likiwa na ritifaa yake, na bado watangazaji wengi wa nje waliigonga ile g. Sawa, hawakuwa wamefundishwa kubana pua. Lakini aliyetaka kuuliza alikuwa na cha kuulizia: hii koma ya juu inafanya nini hapa? Kwenye Nyongo, bila alama, swali lenyewe halizaliwi. Na kwa sisi wasomaji wa Kiswahili, nyongo ni kitu kingine kabisa.

Mpwa wangu anaeleza mfumo

Mpwa wangu anatengeneza programu. Nilimpigia nikiwa na hasira kidogo, nikamwuliza ni nani huko kwao aliyeamua kwamba koma ya juu ni haramu.

"Mjomba, kwa mashine hiyo si sehemu ya jina," akasema. "Hiyo ndiyo inayoiambia jina limeishia hapa."

Akanieleza taratibu. Programu nyingi huhifadhi habari za watu kwenye hifadhidata na kuzungumza nayo kwa lugha inayoitwa SQL. Katika lugha hiyo, maneno ya mtu huwekwa katikati ya ritifaa mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Sasa mtunzi wa programu akiwa mzembe, jina la mzee wangu linafika Ng, mashine inakuta ritifaa, inaamini jina limekwisha. Herufi zinazofuata inazisoma kama amri. Haielewi, inagoma. Na si kugoma tu: wezi wa mtandaoni wanaujua upenyo huo, huandika kwa makusudi ritifaa na nyuma yake amri ya kuiba au kufuta. Waayalandi wenye majina kama O'Brien wameteswa na jambo hilo hilo kwa miongo.

"Dawa haipo?"

"Ipo zamani sana. Unaipelekea hifadhidata amri mbali na jina mbali, basi, mtu aandike anachotaka. Ila kukataza alama ni mstari mmoja wa programu, mjomba."

Kwa hiyo binti wa dirishani hakuwa na neno. Mahali fulani mtu alichoka jioni moja, akaandika mstari mmoja.

Mpwa hakuishia hapo, maana ukimgusa kwenye kazi yake hanyamazi. Anwani za tovuti hukubali herufi, tarakimu na kistari, ritifaa hapana. Alama ya reli mitandaoni hukatika hapo hapo: andika #Chang'ombe, kinachowaka ni #Chang. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua kabisa. Katika Unicode, orodha ya dunia ya herufi zote za kompyuta, hiki kidude si kimoja. Kipo cha nyoofu, namba 0027, kilichorithiwa kutoka taipureta. Kipo kilichopinda kwa madaha, 2019, ambacho Word hukuwekea bila kukuuliza. Na kipo cha tatu, 02BC, kinachofanana na cha pili kama pacha, ila chenyewe kimesajiliwa kama herufi kamili, kwa ajili ya lugha ambazo alama hii si ya kuakifisha bali ni sehemu ya neno.

Yaani kama sisi.

"Kiko wapi kwenye kibodi?" nikauliza.

"Hakipo," akasema, na nikamsikia anacheka.

Mfano wake uliouma zaidi ulikuwa wa kamati ya harusi. SMS ya kawaida hubeba herufi 160, mradi zote zitoke kwenye orodha ndogo iliyopangwa kwa ajili ya simu. Ritifaa nyoofu imo katika orodha hiyo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao unabeba herufi 70, na ukigawanywa, 67 kwa kipande. Sasa katibu wa kamati ameandika kwenye Word, au kwenye iPhone, ambayo tangu mwaka 2017 hupindisha alama yenyewe: ndugu mpendwa, tunakukumbusha mchango, ng'ombe amekwisha patikana. Na salamu zake, tuseme herufi 150. Bila ule mpindo ni SMS moja kwa kila mgeni. Kwa ule mpindo ni tatu. Wageni 300, SMS 900, na mtunza hazina anatafuta aliyekula hela. Kampuni nyingine za kutuma ujumbe kwa jumla hunyoosha alama zenyewe kabla ya kutuma. Nyingine zinakutoza kimya kimya.

Nilimwuliza kama ndiyo sababu watu wazima tunaandika "ngombe" kwenye simu. Akasema hapana, mjomba, ni uvivu tu wa kwenda ukurasa wa pili wa kibodi.

Tungekuwa na ŋ

Mwisho akanishambulia kwa historia, kitu nilichokidhani ni uwanja wangu. Kwa nini basi hatukuchukua herufi moja, ŋ, tukamaliza?

Ilikuwepo mezani. Taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilitoa mwongozo wa kuandika lugha za Afrika, na ŋ ilikuwa miongoni mwa herufi ilizopendekeza. Waewe wa Ghana wanayo mpaka leo. Waganda wanayo. Kamati ya lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianza kazi mwaka 1930, wakati mjadala huo bado wa moto, na Kiswahili sanifu kilichotoka mikononi mwake ni hiki chenye ng'. Anayetafuta sababu aitazame taipureta ya wakati ule. Ritifaa ilikuwemo tayari.

Mpwa anaamini tulikosea. Kwa herufi moja, anasema, mzee wako angeandikwa bila shida, harusi ingelipa SMS... hapo nikamkatiza. ŋ haimo pia kwenye ile orodha ndogo ya simu. Harusi ingefilisika vilevile. Na Waganda wenye ŋ yao halali, wakishika simu wengi wanaandika ng' kwa sababu kibodi haiwajui. Tungezunguka miaka tisini tukafika hapa hapa, tena bila alama ya kuwafaa washairi.

Alinyamaza kidogo. Kwake huo ni ushindi wangu mkubwa.

Mbili, futa moja

Mezani sasa nina muswada wa mashairi wa bwana mmoja wa pwani, mkongwe, anayeandika kwa mkono. Ritifaa zake ni nyingi mno: 'mefika, 'likwenda, 'singoje. Kazi yangu ni kuzichapa, na hapa Word inanikera kuliko ofisi zote. Katika ng'ombe inaipinda alama vizuri, kwa sababu kabla yake imeona herufi. Lakini ritifaa ikitangulia neno, inadhani nafungua maneno ya kunukuu, inaigeuza ikatazama upande wa pili, tumbo mbele. Msomaji wa kawaida haoni. Bwana mkongwe aliona kwenye prufu ya kwanza, kila mahali, akazizungushia zote duara kwa kalamu nyekundu.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Nikifika kwenye 'mefika naandika ritifaa mbili mfululizo. Ya kwanza inatoka imegeuka, ya pili inatoka sawa, kwa kuwa mashine inadhani nafunga nilichofungua. Kisha nafuta ya kwanza. Mpwa anasema ipo njia fupi zaidi, kubonyeza Ctrl pamoja na ritifaa, halafu ritifaa tena, na kwamba naupoteza muda wa mkongwe wa watu. Nimeijaribu, inafanya kazi. Vidole vyangu vimekwisha zoea ile ya kufuta.